Kuhamia faiba kutoka waya wa simu: nilichopima, na cha kukagua kabla fundi hajaondoka

Niseme mapema: kuhama kumelipa. Laini yenyewe naipa tano kwa tano, ruta iliyokuja nayo naipa mbili. Ukichanganya alama hizo mbili utaishia kuilaumu faiba kwa makosa ya Wi-Fi, kwa hiyo nimepima kila kipande peke yake.

Nilikotoka ni VDSL, intaneti inayopita kwenye nyaya za shaba za simu. Ugonjwa wake ni umbali. Waya ukirefuka kutoka kwenye kabati la mtaani kasi inashuka, na ukishapita kilomita moja hivi, kununua kifurushi kikubwa zaidi ni kutupa pesa. Maji yakiingia kwenye viungo, laini inakatika na kujiunga upya mara kwa mara. Faiba haijali hayo: mwanga hupoteza takriban desibeli 0.35 kwa kilomita, kiasi ambacho nyumba iliyo karibu na kituo na iliyo mbali zote hupata kasi ileile ya kifurushi.

Kabla hujasaini popote, pima laini unayotaka kuiacha. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo, zima Wi-Fi yake, upime saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri kwa siku tatu. Andika kasi ya kupakua, ya kupakia, pingi (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) na pakiti, yaani vipande vya data, zilizopotea. Pakiti utazipata kwa amri ya ping -n 200 8.8.8.8 kwenye Windows, au ping -c 200 8.8.8.8 kwenye Mac na Linux. Vipimo vya usiku ndivyo vyenye maana; alfajiri kila mtandao ni mzuri. Na usichanganye Mbps na megabaiti: laini ya Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde) hupakua megabaiti 12.5 kwa sekunde, si 100.

Maswali ya kumuuliza mtoa huduma mpya ni machache, ila yaulize kwa maandishi. Kasi ya kupakia ni ngapi? Matangazo hutaja ya kupakua tu, na anayetuma video au kuhifadhi mafaili mtandaoni anategemea hii nyingine. Je, nitapata anwani ya IP ya peke yangu au ya kushirikiana? Ruta yangu mwenyewe inaruhusiwa? Laini inatumia PPPoE yenye jina na nenosiri, au DHCP, ambapo ruta hupewa anwani bila nenosiri, na kuna namba ya VLAN, ile inayotenganisha data ya intaneti na nyingine kwenye laini? Mkataba una miezi mingapi, na nikitoka mapema nalipa nini? Mhudumu wa mauzo huwa hajui jibu la VLAN. Mwombe alipate kwa mafundi kabla ya siku ya kufungiwa, kwa sababu fundi akishaondoka kuipata ni kazi.

Faiba nyingi za majumbani ni GPON, mfumo ambapo nyumba nyingi hugawana tawi moja la faiba kutoka kituoni. Tawi moja hubeba Gbps 2.488 za kushuka na 1.244 za kupanda, kisha splita, kigawanyio cha mwanga, hugawa mwanga huo kwa nyumba 32 au 64. Nyumba zote 32 zikivuta kwa wakati mmoja bila kupumzika, kila moja inabaki na Mbps 78 hivi. Haitokei, maana hakuna mtaa unaopakua wote kwa mpigo, lakini ndiyo sababu kasi ya Gbps 1 usiku huweza kupungua kidogo bila laini kuwa na hitilafu. Kama mtandao wa kwenu ni XGS-PON, wenye Gbps 10 kwenda na kurudi, hesabu hii huna haja nayo.

Siku ya kufungiwa ndiyo siku muhimu kuliko zote. Chagua mwenyewe mahali pa ONT, kile kisanduku kinachogeuza mwanga kuwa intaneti. Fundi akiachiwa achague, ataiweka pale waya unapoingilia, mara nyingi pembeni kabisa ya nyumba, na Wi-Fi itateseka miaka yote. Ukitaka ruta ikae katikati, mwambie avute faiba mpaka hapo, au uvute kebo ya Cat5e au Cat6 kutoka ONT hadi ruta. Kebo hiyo inafika mita 100 bila shida. Faiba ya ndani isikunjwe kwenye kona kali. Ya kawaida inataka mkunjo wenye nusu kipenyo cha milimita 30, zile zinazovumilia mikunjo zinashuka hadi 10 au 7.5. Stepla za mbao ni adui yake, na mlango unaoibana kila siku utaimaliza polepole.

Kisha omba namba moja: nguvu ya mwanga unaofika, kwa dBm (kipimo cha nguvu; kadiri inavyoshuka chini ya sifuri, mwanga ni hafifu zaidi). Fundi anaisoma kwenye kipima chake, na ONT nyingi huionyesha kwenye ukurasa wake wa hali ya laini. Kifaa cha kawaida cha GPON hupokea kati ya -8 na -27. Mimi naridhika na chochote kati ya -15 na -23. Ikisoma -26 laini itafanya kazi siku hiyo, fundi ataaga kwa furaha, na kiungo kikichakaa kidogo tu au faiba ikipinda, taa nyekundu ya LOS, inayoashiria mwanga umepotea, itaanza kuwaka. Usisaini fomu ya kukamilika kwa kazi na namba kama hiyo. Hesabu yenyewe si ngumu: kituo hurusha takriban +3, splita ya nyumba 32 hula kama desibeli 17, viungo na umbali hula mbili tatu hivi, kwa hiyo ukisoma karibu na -17 kila kitu kiko sawa. Ukisoma chini ya hapo kwa desibeli nane au tisa, zimepotelea mahali fulani.

Zinapotelea wapi? Mara nyingi kwenye uchafu wa ncha ya konekta. Vumbi usiloliona kwa macho linatosha. Husafishwa kwa kalamu maalumu ya kusafishia faiba au kitambaa kisichotoa nyuzi chenye alkoholi, kamwe si kwa shati. Sababu ya pili ni rangi: konekta ya kijani ni APC, uso wake umekatwa kwa mshazari wa digrii 8, ya buluu ni UPC, uso wake hauna mshazari. Zinaingiana, na hilo ndilo tatizo, kwa sababu nyuso hazigusani vizuri, mwanga unavuja na ncha zinaweza kukwaruzika. Kijani kwa kijani, buluu kwa buluu. Na usichungulie ndani ya konekta. Mwanga wake hauonekani kwa macho ila upo.

Laini ya zamani usiikate bado. Faiba inaingia kwa njia yake, haigusi waya wa simu, kwa hiyo zote mbili zinaweza kuishi nyumba moja. Wiki mbili zinatosha: zinashika wikendi mbili na jioni za kutosha za kurudia vile vipimo. Gharama ya kulipa mara mbili kwa muda huo ni ndogo kuliko kukaa bila intaneti ukimsubiri fundi.

Kuhamisha vifaa kunaweza kuchukua dakika tano au siku nzima, inategemea jambo moja. Ipe ruta mpya jina lilelile la Wi-Fi, nenosiri lilelile na aina ileile ya ulinzi, herufi kwa herufi. Simu, televisheni na printa zitajiunga zenyewe bila kujua kuwa umehama. Kwanza zima Wi-Fi ya ruta ya zamani, la sivyo nusu ya vifaa vitabaki huko na vipimo vyako vitakuwa uongo. Angalia pia anwani za ndani: kama ruta ya zamani ilitumia 192.168.1.1 na mpya inatumia 192.168.0.1, kamera au printa uliyoipa anwani ya kudumu haitaonekana. Badilisha ruta mpya ifuate ya zamani, ni rahisi kuliko kuzunguka kifaa kwa kifaa.

Kasoro nilizozipa uzito ni hizi.

Kasi inagota Mbps 94 wakati umelipia 300. Karibu kila mara ni kebo kati ya ONT na ruta. Gbps 1 inahitaji jozi zote nne za nyaya. Jozi moja ikikatika, vifaa hukubaliana kushuka hadi 100, ambayo inahitaji mbili tu. Badilisha kebo kabla hujapiga simu. Wenye kifurushi cha Gbps 1 wasigombane na mtu wakiona 940. Hicho ndicho kinachobaki baada ya vichwa vya pakiti kuchukua sehemu yao.

Baadhi ya tovuti zinafunguka, nyingine zinaganda. Kwenye PPPoE pakiti hubeba baiti 8 za ziada, hivyo MTU, ukubwa wa juu wa pakiti, inapaswa kuwa 1492 badala ya 1500. Ruta iliyoachwa kwenye 1500 huleta kituko hiki.

Kamera au seva ya nyumbani haifikiki ukiwa nje. Tazama kwenye ruta anwani ya IP upande wa WAN, yaani upande wa mtoa huduma. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya anwani ya kushirikiana, na kufungua bandari (port) kwenye ruta hakutasaidia hata ukeshe. Ama uombe anwani yako mwenyewe, ama utumie IPv6, mfumo mpya wa anwani, kama ipo, ama VPN inayoanzia ndani. Hili ndilo jambo ambalo wauzaji hulikalia kimya kuliko yote, na ndilo lililofanya nisiipe kampuni yenyewe, tofauti na laini, alama kamili.

Michezo na simu za video zinakwama pale mwenzio anapopakua. Foleni ndani ya ruta imejaa. Ukipiga ping wakati faili kubwa linapakuliwa na namba ikaruka kutoka milisekunde 8 hadi 200, ndiyo hiyo. Ruta yenye SQM, kipangaji cha foleni hiyo, huiponya ukiweka kikomo karibu asilimia 90 ya kasi uliyopima. Ruta ya bure niliyopewa haina, na ndiyo sababu kubwa ya zile alama mbili. Sababu nyingine ni Wi-Fi yake: ya 2.4 GHz inakuja ikiwa na upana wa 40 MHz, ikigombana na majirani. Rudisha 20 MHz, chagua chaneli 1, 6 au 11, na vifaa vya karibu vihamie 5 GHz. Ukiweka ruta yako, ile ya kampuni iwe kwenye hali ya daraja (bridge), yaani ipitishe data tu, vinginevyo utakuwa na NAT mbili, ruta mbili zikibadilisha anwani moja baada ya nyingine.

Umeme nao ni sehemu ya hesabu. Splita haitumii umeme, kwa hiyo mtaa ukizimika laini inaweza kubaki hai mradi kituo kina akiba. ONT na ruta pamoja hula wati 15 hivi, nyingi kwa volti 12. Betri ya volti 12 yenye Ah 7 ina wati-saa 84, nami huhesabu saa nne, si tano na nusu, kwa sababu betri haitoi yote. Soma lebo ya adapta kabla ya kuunganisha. Zipo za volti 9.

Kabla ya kukata ya zamani, kagua kilichoning'inia juu yake: simu ya mezani, king'ora kinachopiga kupitia waya wa simu, barua pepe iliyotolewa na kampuni hiyo. Namba ya simu, kama unaihamisha, ihame kwanza ndipo mkataba wa zamani usitishwe, maana ukisitishwa kabla, namba hupotea. Toa notisi kwa maandishi, piga picha ya namba za mfululizo (serial) zilizo chini ya modemu unayorudisha, na udai risiti yenye namba hizo.