Optimum No Rinse: lita 7.5 zinatosha gari zima, taulo zikiwa za kutosha

Dawa hii ya buluu, ya kuoshea gari bila kusuuza kwa maji mengi, haitoi povu la maana, na hapo ndipo wateja huanza kuitilia shaka, maana tumezoea kuona povu jeupe ndipo tuamini gari limeoshwa. Kazi yake hufanywa na polima, yaani molekuli ndefu zilizomo ndani yake: zinaizunguka chembe ya vumbi, zinailegeza na kuifanya iteleze juu ya rangi badala ya kuikwaruza. Hakuna kusuuza. Unapangusa, unakausha, unahamia sehemu nyingine.

Kipimo ni mililita 30 kwa lita 7.5 za maji, kwa hiyo chupa ya mililita 946 inakupa ndoo 31. Usimimine kwa kukadiria macho. Ikizidi, inaacha ukungu kwenye vioo na mistari kwenye rangi nyeusi, nawe unajikuta unapangusa mara ya pili na muda uliookoa umekwisha. Bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano yake, linapima vizuri kabisa. Maji nayo yaangalie: ya kisima chenye chumvi, kama vingi vya Dar es Salaam, yakikaukia kwenye bodi yanaacha mabaka meupe.

Sasa taulo, kwa sababu kasi yote iko hapo. Chukua taulo sita za maikrofaiba za sentimita 40 kwa 40 kwa gari dogo, nane kwa Noah au Prado, uziloweke zote ndani ya ndoo. Jaza chupa ya kupulizia kwa maji hayohayo. Pulizia boneti, acha dakika moja au mbili vumbi lilegee, kisha kamua taulo kidogo na ulikunje mara mbili. Limekuwa na nyuso nane. Uso mmoja unapita nusu ya boneti kwa mstari ulionyooka, bila kukandamiza, halafu unageuza. Nyuso zikiisha, taulo linawekwa pembeni na halirudi tena ndooni. Anayelisuuza na kulitumia tena anarudisha mchanga kwenye rangi, na ile mikwaruzo ya duara inayoonekana juani kama utando wa buibui hutokana na uzembe huo. Ndoo ikibaki safi namna hii, gari dogo la pili linaoshwa kwa maji yaleyale, ilimradi taulo ziwe nyingine.

Anza na paa, kisha vioo, boneti, buti na milango. Sehemu za chini na bampa ziwe za mwisho. Kausha kila sehemu kabla ya kwenda nyingine, tena kivulini. Bodi ikiwa ya moto, dawa inakauka kabla taulo halijafika.

Linganisha na mashine ya presha ya lita 7 kwa dakika: dakika 15 tu ni lita 105, bado hujahesabu kuvuta mpira na kusubiri umeme. Kwa fundi anayewafuata wateja maofisini, dawa hii inastahili bei yake.

Lakini gari lililotoka shamba halifai kuguswa nayo. Tope lenye unene au mchanga ulioganda kwenye bodi uondoe kwanza kwa presha. Kwenye rimu nayo ni dhaifu, haiwezi masizi ya breki yaliyoshika. Tumia sabuni ya rimu, ndoo nyingine na taulo nyingine.

Faida ambayo wengi hawaijui: mililita 15 kwa lita moja ya maji ni kilainishi kizuri cha udongo wa kusafishia rangi (clay bar, kidonge laini kinachoteleza juu ya rangi na kung'oa uchafu ulioshika), hulazimiki kununua chupa ya pili.

Taulo zifuliwe peke yake, kwa maji ya vuguvugu, bila dawa ya kulainisha nguo. Hiyo inaziba nyuzi na taulo haliokoti vumbi tena. Lililoanguka chini lipeleke kwenye rimu, hata kama linaonekana safi.