Loyverse kwenye duka la hardware: miezi 18 baada ya kuachana na kaunta buku

Nina duka la hardware hapa Morogoro, sio kubwa, fremu mbili zilizotobolewa katikati, nauza saruji, nondo, bati, rangi, bomba, nyaya na misumari ya kila saizi, na kwa miaka sita yote nilikuwa mtu wa daftari. Kaunta buku moja nene, jioni nakaa najumlisha kwa simu. Nilijiona niko vizuri tu kwasababu kila siku hela ilikuwa inaingia, kumbe hela kuingia ni kitu kimoja na kujua ndani ya duka una nini ni kitu kingine kabisa, hilo ndo hii app imenionyesha na ndo mana naielezea kwa kirefu.

Kwa asieijua, Loyverse ni app ya kuuzia, ya bure, unaiweka kwenye simu au tablet, Android sawa iPhone sawa. Halafu kuna upande wa pili unaufungua kwa brauza kwenye kompyuta, huko ndo unaingiza bidhaa na bei na kuangalia ripoti. Ukiuza kwenye tablet stoku inapungua yenyewe. Ndo hivyo tu.

Shughuli iko kwenye kuanza, na hapa ndo wengi wanaishia. Mimi kuhesabu na kuingiza mzigo kulinila Jumapili tatu, mimi na mke wangu, yeye anahesabu mimi naandika kwenye jedwali la Google Sheets, tukimaliza tunaliingiza lote kwa mkupuo badala ya kuandika kitu kimoja kimoja. Usiruke bei ya kununulia! Wengi wanaweka bei ya kuuzia peke yake halafu wanalalamika app haiwaonyeshi faida, itaionyeshaje wakati hujaiambia ulinunua shilingi ngapi.

Kilichonipa shida mwanzoni ni misumari. Hardware sio kama duka la soda, misumari inakuja kwenye boksi la kilo 25, mteja anataka kilo, mwingine nusu, mwingine robo, na fundi anakuja mbio mbio anakwambia nipimie ya buku. Dawa yake ni kuiweka kama bidhaa ya kuuzwa kwa uzito, hapo app inakubali uandike 0.25 au 1.4, bei inapiga hesabu yenyewe. Nyaya nazo nikafanya hivyo hivyo kwa mita, na nondo nikaiweka huko huko ingawa ni ya kuhesabu, mana kuna watu wanakata nusu na bila hivyo app haipokei 0.5.

Sasa baada ya miezi miwili nikasema ngoja nihesabu tena nilinganishe na kilichoandikwa. Rangi sawa, koki sawa, saruji pungufu mfuko mmoja ambao tuliukumbuka ulipasuka. Nikafika kwenye misumari ya inchi 4, app inasema zimebaki kilo 14, nikipima kwenye boksi ni kilo mbili tu na ushee. Nikapima mara tatu, jasho linanitoka. Tukafungua boksi jipya tukalipima lote kwa mafungu ya kilo moja moja kwenye ile mizani yetu ya siku zote, likatoa mafungu 23 na nusu badala ya 25. Yaani mizani ilikuwa inamzidishia mteja! Kilo moja na nusu kila boksi, na kwa mwezi namaliza maboksi manne ya inchi 4, hiyo ni saizi moja tu, kuna inchi 3, kuna za bati. Sijui imeendelea kwa muda gani. Kaunta buku isingeniambia kamwe, daftari linaandika ulichouza, haliwezi kujua kilichotakiwa kubaki. Wiki ile ile nikanunua mizani mpya.

Kitu cha pili ni kufunga hesabu ya zamu. Asubuhi unaandika hela ya chenji uliyoanza nayo, mchana ukitoa hela kwenye droo unaandika umetoa ya nini, jioni app inakwambia pesa taslimu inayotakiwa iwepo na wewe unaandika uliyoihesabu. Siku moja ilipungua 12,000, zamani hapo ingekuwa kesi, ila tukakaa na kijana anayenisaidia dukani tukapitia mauzo moja moja tukakuta ni hela ya bodaboda aliyepeleka bomba kwa mteja, ililipwa kutoka kwenye droo haikuandikwa. Dakika kumi yakaisha. Nalisema hili kwasababu miaka ya nyuma nilimwondoa kijana mmoja kwa upungufu wa aina hiyo hiyo, na leo naamini hakuniibia. Inaniuma mpaka kesho, nilimtafuta nikamwomba radhi.

Umeme na mtandao usikutishe. Mtandao ukikata unaendelea kuuza, mauzo yanakaa kwenye tablet mpaka urudi ndo yanapanda. Ila usije ukaifuta app kabla hayajapanda, yataondoka nayo. Kabla ya hii niliwahi kuuziwa mfumo wa kompyuta na mtu fulani, kila kitu kilikuwa ndani ya mashine moja, umeme ukakatika ukarudi kwa nguvu, diski ikafa na hesabu zote zikafa nayo, jamaa nae simu hapokei. Na hii mwaka jana tablet ilidondoka kwenye sakafu kioo kikaisha, nikapakua app kwenye simu yangu nikaingia kwa imeili ile ile, mzigo wote na bei zote nikazikuta, mteja alikuwa bado amesimama pale kaunta.

Sasa mambo ya kuangalia. Risiti ya hii app SIO risiti ya TRA. Mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, zipo nchini tangu 2010 na hii haichukui nafasi yake, ule wimbo wa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti unahusu risiti ya EFD. Kwahiyo mimi napiga mara mbili, huku kwa ajili ya stoku, kule kwa ajili ya TRA, na wateja wakiwa wamejipanga inachosha kweli. Hapo ndo ninapoikatia nyota moja.

Lipa namba nayo niliongeza mwenyewe kama njia ya malipo, ili jioni nijue taslimu ni ngapi na ya kwenye simu ni ngapi. Lakini elewa kwamba app inaandika unachoiambia, haihakiki kama hela imeingia. Meseji feki zipo nyingi, kwetu sheria ni moja, mzigo hautoki mpaka meseji iingie kwenye simu ya duka, sio ya kuonyeshwa kwenye simu ya mteja.

Na sio kila kitu ni bure. Oda za kununua kwa msambazaji, zoezi la kuhesabu stoku ndani ya app na thamani ya mzigo wote viko kwenye sehemu ya kulipia kila mwezi, kwa dola. Mie nahesabu kwa karatasi halafu narekebisha namba kwa mkono, inawezekana ila inakula muda. Kila mwisho wa mwezi napakua ripoti naziweka Google Drive, ile GB 15 ya bure inatosha kabisa kwa mafaili kama haya.

Nyota nne kati ya tano, na nazitoa kwa moyo mmoja. Mungu akijalia tawi la pili likafunguka Dumila ndo nitalipia hiyo sehemu ya juu, mana huko sitakuwepo mwenyewe kupima misumari.