Chumvi ya Epsom kwa samaki aliyevimba: inafaa wapi, inakwama wapi

Samaki wa dhahabu akianza kuelea tumbo juu, ushauri wa kwanza utakaopewa hapa Mombasa ni chumvi ya Epsom, yaani magnesiamu salfeti. Ushauri huo ni mzuri ikiwa shida ni choo kilichofunga. Watu wengi, hata hivyo, huitia kwa kila samaki aliyekaa upande, na hapo ndipo inapolaumiwa bure.

Tuanze na ununuzi. Nunua ya duka la dawa, ile wanayouziwa watu wenye tatizo hilohilo la choo. Geuza pakiti usome: iwe magnesiamu salfeti peke yake. Zile za kuogea zenye manukato, rangi au mafuta ziache kabisa. Ya agroveti ni kemikali ileile, ila imetengenezwa iwe mbolea, na usafi wake si wa kumwekea kiumbe anayepumua ndani ya maji hayo. Ukiwa na shaka, yeyusha kijiko kimoja kwenye glasi ya maji ya vuguvugu. Maji yabaki maangavu, bila povu, bila utando juu, bila mchanga chini. Wala chumvi ya mezani haichukui nafasi yake. Hiyo haifungui choo.

Kabla ya kuitia, mtazame samaki kutoka juu. Aliyefunga choo huvimba tumbo lakini magamba yake yamelala vizuri. Huelea zaidi baada ya kula, na kinyesi hakitoki, au hutoka uzi mweupe unaoning'inia. Huyu atasaidika. Magamba yakisimama nje mwili mzima, huo ni uvimbe wa maji, na mara nyingi figo zimeshashindwa kutoa maji yanayoingia mwilini kupitia mashavu na ngozi. Epsom itampunguzia uvimbe kidogo tu. Anayefaa kuulizwa ni daktari wa mifugo, na hata hivyo wengi hawaponi. Anayezama chini na kushindwa kupanda huwa ameumia kibofu cha hewa, ana maambukizi, au alizaliwa hivyo. Kwake chumvi hii haina kazi. Jike aliyejaa mayai naye si mgonjwa, mwache.

Namna ya kuitumia. Mtoe samaki umweke kwenye beseni lenye lita 20 za maji ya tangi lake mwenyewe, pamoja na jiwe la hewa, kile kijiwe cha pampu kinachotoa mapovu. Pima vijiko 2 vya chai vilivyosawazishwa, gramu 10 hivi, uyeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji hayohayo, kisha umimine polepole kwa muda wa saa moja. Usimpe chakula siku 3. Beseni halina chujio, kwa hiyo amonia hupanda upesi: kila siku toa lita 5, rudisha lita 5 safi zenye joto lilelile, na kwa hizo 5 tu ongeza nusu kijiko cha chai. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Chumvi haitoki kwa mvuke wala kwa chujio, inatoka na maji unayoyamwaga. Ukifidia maji yaliyokauka tu, usiongeze chumvi. Ukirudia dozi nzima kila asubuhi, siku ya nne samaki atakuwa kwenye dozi ya karibu mara tatu, hata ukibadilisha zile lita 5.

Siku ya nne mpe samaki wa dhahabu punje moja ya minji iliyochemshwa na kumenywa ganda. Beta, yule samaki mpiganaji mwenye mapezi marefu, ni mla nyama, minji haimfai. Mpe dafnia (vijidudu vya majini) au viluwiluwi vichache vya mbu kutoka maji safi. Choo kikitoka na tumbo likishuka, mrudishe kwa kumwongezea maji ya tangi kidogo kidogo. Siku 5 hadi 7 zikipita bila mabadiliko, acha. Tatizo si choo.

Kuna pia njia ya kumwogesha kwa nguvu: kijiko kimoja cha mezani kwa lita 4, dakika 15. Inafanya kazi haraka, lakini ni ya mtu anayekaa palepale akitazama. Samaki akilala ubavu au mashavu yakianza kwenda mbio, mtoe mara moja. Kwa samaki aliyekwisha dhoofika, beseni la lita 20 ni salama zaidi.

Maji yetu nayo yana neno. Ya kisima hapa kisiwani hupita kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo ni magumu, yaani yana madini mengi, na mara nyingi yana chumvi tayari. Epsom huongeza ugumu huo, ingawa haipandishi pH, kipimo cha asidi ya maji. Samaki wa dhahabu huvumilia. Neoni, samaki mdogo wa rangi aliyezoea maji laini, atataabika. Maji ya mfereji yana klorini: yaache usiku kucha yakipulizwa hewa, au tumia dawa ya kuiondoa. Na joto ni adui wa kimya kimya. Maji ya nyuzi 30 hubeba takriban miligramu 7.5 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 20 hubeba 9, na samaki wa dhahabu anapendelea hayo ya baridi. Jiwe la hewa kwenye beseni si pambo.

Dosari ya bidhaa yenyewe ni pakiti. Ikishafunguliwa, unyevu wa pwani huifanya igande mabonge, na kijiko chenye bonge hakipimi sawa. Ihamishie kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza, na ikiganda pima kwa mizani. Tiba ya siku 5 hula gramu 20 tu, kwa hiyo pakiti ya gramu 200 inatosha tiba kumi. Pakiti kubwa kwa mtu mwenye tangi moja ni hasara.

Samaki akirudi tangini, loweka chembe za chakula dakika 5 kabla ya kumpa, na uchague zinazozama. Zile kavu zinazoelea humfanya ameze hewa juu ya maji, kisha hufura tumboni. Kwa oranda na ryukin, aina za samaki wa dhahabu waliobanwa matumbo na umbo lao la duara, hiyo peke yake inatosha kumrudisha kwenye beseni.