Billy Boston na Sanamu Zake Tatu: Ipi Inastahili Nauli Yako?

Ni nadra mwanamichezo kusimamishiwa sanamu ya shaba angali hai, na ni nadra zaidi kusimamishiwa tatu. Billy Boston, winga wa klabu ya Wigan aliyeitundika jezi yake mwaka 1970, ameipata heshima hiyo: nje ya Uwanja wa Wembley jijini London mwaka 2015, katikati ya mji wa Wigan, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 2016, na kando ya Ghuba ya Cardiff, mji mkuu wa Wales na jiji alikozaliwa, Julai 2023. Zote tatu ni kazi ya msanii mmoja, Steve Winterburn, jambo linalomrahisishia kazi anayetaka kuzipima, kwa kuwa mkono ni ule ule na mtu ni yule yule, na kinachobaki kulinganishwa ni mahali sanamu ilipowekwa na jambo ambalo walioiagiza walitaka watu waambiwe. Hakuna kiingilio wala tiketi, hivyo gharama ya mgeni ni nauli na muda wake tu.

Kwa msomaji asiyeifahamu raga ya ligi, yaani ile ya wachezaji 13, ni vyema aelezwe kwanza kwa nini watu walihangaika kiasi hicho kwa ajili ya mtu mmoja. Mchezo huu ulizaliwa tarehe 29 Agosti 1895 katika Hoteli ya George mjini Huddersfield, pale klabu za kaskazini mwa Uingereza zilipojitenga na chama cha raga kwa sababu kilikataa wachezaji wao, wengi wao wakiwa vibarua wa migodini na viwandani, walipwe fidia ya ujira waliokuwa wakiupoteza kwa kwenda uwanjani. Tangu siku hiyo, aliyetoka raga ya wachezaji 15 na kupokea fedha upande wa pili alifungiwa mlango wa kurudi maisha yake yote. Boston aliuvuka mstari huo mwaka 1953 akiwa na umri wa miaka 18, na hadi anastaafu alikuwa amefunga trai 571, yaani mabao ya kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, idadi iliyopitwa na mtu mmoja tu katika historia ya mchezo huo, Brian Bevan wa Warrington, aliyefunga 796. Kati ya trai hizo 571, alizofungia Wigan ni 478 katika mechi 488, na mwenye kuijua raga atakubali kwamba wastani wa karibu trai moja kwa kila mechi, kwa miaka 15 mfululizo hadi 1968, si jambo la kubahatisha.

Nianze na Wembley, na nisikae sana. Hapo Boston ni mmoja kati ya watano, pamoja na Gus Risman, Eric Ashton, Alex Murphy na Martin Offiah, na kundi hilo lilizinduliwa siku ya fainali ya Kombe la Challenge, kombe kuu la mtoano la raga ya ligi, ya mwaka 2015. Wazo lilikuwa kuuwekea alama mchezo wenyewe katika uwanja ambao fainali yake ilianza kuchezwa mwaka 1929, na kwa lengo hilo sanamu inatosha. Kama heshima kwa mtu mmoja, hata hivyo, haitoshi. Watano hao ni wa vizazi mbalimbali: Risman alinyanyua kombe hapo mwaka 1952 akiwa mchezaji na kocha wa Workington Town, na umri wake ulikuwa miaka 41, ilhali Offiah aliutia fora uwanja huo huo katika miaka ya 1990. Kuwabana pamoja kunampa mtazamaji orodha ya majina kuliko hadithi. Ukweli wenye uhai katika kundi hilo ni ukaribu wa Ashton na Boston, kwa sababu wawili hao walikuwa chanda na pete. Ashton akicheza katikati na Boston pembeni yake, walifika pamoja fainali sita za Wembley kati ya 1958 na 1966 na kushinda tatu. Mgeni asiyelijua hilo kabla ya kufika ataondoka bila kulijua.

Tatizo jingine la Wembley ni kwamba uwanja huo kwa mwaka mzima ni wa kandanda na matamasha, na wengi wanaotembelea eneo hilo huja kumpiga picha Bobby Moore, nahodha wa Uingereza wa 1966, ambaye sanamu yake ndiyo inayopokea wageni mbele ya lango. Raga ya ligi ni mpangaji wa siku moja tu. Mtu aliyekwenda Wembley kwa shughuli nyingine na azitazame sanamu hizo, lakini kufunga safari kwa ajili yake pekee siwezi kumshauri yeyote.

Wigan ni jambo tofauti kabisa. Kutoka kituo cha treni cha Wigan North Western, kilichopo kwenye reli kuu ya London kuelekea Uskoti, ni mwendo mfupi wa miguu hadi Believe Square, na hapo Boston yuko peke yake, mbioni, mpira mkononi. Kumwonyesha mtu anayekimbia kwa kutumia madini ni mtihani mgumu kuliko watu wanavyodhani. Msanii hufinyanga kwanza umbo zima kwa udongo, kisha hutengenezwa kalibu, kalibu ikatoa umbo la nta, nta ikafunikwa kwa tabaka za udongo maalumu unaostahimili moto, halafu nta huyeyushwa ikatoka na nafasi iliyoachwa ndiyo humiminiwa shaba iliyochanganywa na madini mengine, ikiwa na joto la takriban nyuzi 1,100 za Selsiasi. Sanamu kubwa husubiwa vipande vipande vikaungwa baadaye. Ndani huwa tupu, ukuta wake ukiwa wa milimita chache tu, na mkimbiaji ambaye uzito wake wote unaegemea mguu mmoja hana budi kuwa na uti wa chuma uliofichwa ili asianguke. Mtazamaji hatakiwi kuufikiria uti huo hata mara moja, na mbele ya sanamu ya Wigan mimi sikuufikiria.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba mwili umeachwa kuwa mzito. Mawinga wengi husifiwa kwa wepesi, na msanii mwingine angeweza kumkondesha Boston ili aonekane ana kasi. Waliomwona akicheza wamekuwa wakieleza kinyume cha hapo, kwamba alikuwa mtu mnene wa mapaja na mpana wa kifua aliyeweza kumzunguka beki au kumpitia juu, na beki hakujua lipi linakuja mpaka limeshamfika. Uzito huo umo kwenye shaba. Ukisimama mbele yake kidogo, upande anakoelekea, utaelewa kwa nini mabeki wa enzi hizo walihesabu siku ya kukutana na Wigan kuwa siku ya tabu.

Mji nao unastahili sanamu hiyo, kwa maana uliipokea hadithi hii tangu mwanzo. Husimuliwa mara nyingi kwamba viongozi wa Wigan walipofika nyumbani kwao Cardiff wakiwa na noti mkononi, mama yake, akidhani atawafukuza kwa kutaja bei isiyowezekana, alidai pauni 3,000, nao wakakubali papo hapo. Mechi yake ya kwanza katika kikosi cha akiba ilitazamwa na watu zaidi ya 8,000, umati ambao klabu nyingi zingeuonea wivu hata kwa kikosi cha kwanza. Baada ya mechi sita tu za kikosi hicho cha kwanza aliitwa kwenye ziara ya timu ya taifa ya Great Britain ya 1954 huko Australia na New Zealand, akiwa mchezaji wa kwanza asiye mweupe kuchaguliwa kwa ziara ya aina hiyo, akarudi na trai 36. Alipostaafu hakuhama, alibaki Wigan na kuendesha baa iitwayo Griffin karibu na uwanja aliochezea.

Kasoro ya Wigan si ya msanii. Uwanja huo, Central Park, ulibomolewa mwaka 1999, na leo pale alipofunga trai zake kuna supamaketi. Timu ilihamia uwanja mpya upande mwingine wa mji. Kwa hiyo sanamu iko mahali pa wapita njia, wenye mifuko ya sokoni na haraka zao, badala ya mahali pa mchezo. Kuna watakaosema ingefaa iwekwe mbele ya uwanja mpya. Mimi naona waliochagua katikati ya mji walikuwa na busara, kwa kuwa uwanja mpya haukuwahi kumwona akicheza, na mtaani ndiko alikoishi na watu. Ila mgeni atahitaji kuunganisha mwenyewe vipande vya historia, kwani pale alipoifanya kazi yake hakuna tena cha kutazama ila maegesho ya magari.

Cardiff ndiyo inayohitaji maelezo marefu zaidi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na maisha ya Boston yalikwenda kinyume cha msemo huo kwa miaka 70. Alizaliwa mwaka 1934 Tiger Bay, mtaa wa bandarini unaojulikana rasmi kama Butetown, baba yake akiwa baharia kutoka Sierra Leone na mama yake mwenyeji wa Cardiff mwenye asili ya Ireland, katika nyumba ya watoto 11. Ndoto yake ilikuwa kuichezea klabu ya raga ya Cardiff, kisha Wales. Klabu hiyo, ambayo uwanja wake ni mwendo wa miguu kutoka mtaani kwao, haikumwita, na mwenyewe hakuficha kwamba aliona sababu kuwa rangi ya ngozi yake. Aliondoka kwenda kaskazini kama walivyoondoka wengi wa mtaa huo kabla na baada yake.

Ndiyo maana sanamu ya Landsea Square, karibu na Mermaid Quay, inasema jambo ambalo nyingine mbili hazilisemi. Hapa pia Boston hayuko peke yake; wamo Gus Risman na Clive Sullivan, watatu waliochaguliwa kwa kura za wananchi kutoka orodha ya wachezaji 13 waliotoka sehemu hiyo ya jiji wakaenda kuvuma kaskazini. Kundi ambalo Wembley lilinikera, hapa linakubalika, kwa sababu hawa watatu wanaunganishwa na mahali na kisa kimoja. Risman, mtoto wa wahamiaji kutoka Latvia, aliongoza ziara ya 1946 huko Australia na kurudi bila kushindwa katika mechi hata moja ya kimataifa dhidi ya wenyeji. Sullivan, wa mtaa wa Splott, mwaka 1972 akawa Mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu ya taifa ya Great Britain katika mchezo wowote, na mwaka huo huo akanyanyua Kombe la Dunia nchini Ufaransa baada ya kufunga katika fainali trai iliyoanzia karibu na mstari wao wenyewe. Alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 42 tu, na jiji la Hull, alikochezea, likaipa barabara yake kuu jina lake miongo mingi kabla jiji alikozaliwa halijamkumbuka.

Boston mwenyewe alikuwepo kwenye uzinduzi, akiwa na miaka 88. Hilo kwangu linaipa sanamu hii uzito wa pekee, hasa nikikumbuka kwamba mwaka 1957, baada ya Kombe la Dunia huko Australia, wenzake wa Great Britain walipitia Afrika Kusini kucheza mechi za maonyesho, naye akarudi nyumbani bila wao kwa kuwa sheria za ubaguzi za nchi ile hazikuwa na nafasi ya mtu kama yeye uwanjani. Mwanachama yeyote wa msafara ule angeweza kukataa kwenda. Msafara ulikwenda.

Kwa upande wa sanaa tupu, naiweka Wigan mbele. Watatu wa Cardiff hawana ule msukumo wa mtu anayekuja mbio, na mandhari ya migahawa na boti za watalii hayasaidii, kwani Tiger Bay ya kale ilibomolewa kwa sehemu kubwa kuanzia miaka ya 1960 na ghuba ya leo imepambwa kwa ajili ya wageni. Hata hivyo, kufika ni rahisi mno: treni fupi kutoka kituo cha Queen Street hadi Cardiff Bay, kisha mwendo wa dakika chache.

Jambo moja limebadilisha namna ya kuzitazama sanamu hizi. Juni 2025, akiwa na miaka 90, Boston alipewa cheo cha Sir na Mfalme Charles katika Kasri la Buckingham, mchezaji wa kwanza wa raga ya ligi kukipata tangu mchezo uzaliwe miaka 130 kabla ya hapo. Shaba ilikuwa imeshatangulia mara tatu. Serikali ndiyo iliyochelewa. Mwenye nafasi ya safari moja tu aende Wigan kama anataka kumwona mchezaji, na Cardiff kama anataka kujua kwa nini mchezaji huyo hakuchezea jiji lake. Na akichagua Cardiff, asiishie Landsea Square, bali apande hadi Angelina Street huko Butetown, mtaa aliozaliwa.