Kocha wa magongo kwa watoto: mchezaji wa zamani au mwalimu?

Mzazi wa Mombasa anayemtafutia mtoto kocha wa mpira wa magongo hukutana na aina mbili. Mchezaji wa zamani ana jicho: anaona mkono wa kushoto umeshika gongo vibaya kabla mpira haujapotea. Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne, 1960 hadi 1972, kisha akaifundisha timu ya Kenya. Ila baadhi ya wachezaji wa zamani hufoka, na mtoto wa miaka tisa si mchezaji wa taifa!

Mwalimu wa michezo huenda hawezi kupiga kona ya penalti ya maana, lakini anajua mazoezi mafupi, maji kwenye joto la Februari, na nani kanuna leo. Chini ya miaka 12, namchukua mwalimu. Wakubwa wapewe mchezaji, mradi ana cheti cha ukocha.