ThinkCentre M710q ya mtumba kama nodi ya Bitcoin nyumbani, inafaa?

Wakuu, kwa wanaouliza wachukue mashine gani ya kuendeshea nodi ya Bitcoin nyumbani (yaani kompyuta inayopakua na kuhakiki miamala yote ya Bitcoin), mi natumia Lenovo ThinkCentre M710q ya mtumba toka Kariakoo, vile vikompyuta vidogo ambavyo ofisi za Ulaya zikishavichoka vinashushwa huku kwa makontena. Yangu ni i5-7500T ya kori nne, ram nimeiongeza ikafika GB 16, na kiukweli inapiga kazi feni hata huisikii.

Watu wanabishana sana kuhusu prosesa wakati shida haiko huko, iko kwenye diski. Mnyororo mzima wa miamala (blockchain) umeshapita GB 600 na unazidi kunenepa, so SSD ya TB 1 ndo pa kuanzia, mkwanja ukiruhusu chukua TB 2 ulale usingizi. Na iwe SSD kweli bwana, muuzaji alinifungia ile diski ya kuzunguka (HDD) eti "ni ile ile tu boss", wapi, sinki (sync, yaani kupakua na kuhakiki mnyororo wote) ikawa inatambaa maana nodi inachokonoa daftari la sarafu ambazo hazijatumika, zaidi ya GB 10, huku na huku muda wote, na diski ya kuzunguka haiwezi hayo mambo. Kubadilisha ni rahisi, skrubu moja nyuma, unasukuma kifuniko, ndani kuna sehemu ya diski ya inchi 2.5 na nyingine ya M.2. Ram nayo inasaidia sana kwenye sinki ya kwanza, dbcache (kiasi cha ram ambacho nodi inaruhusiwa kutumia, kwa MB) nimeikuta 450 nikapandisha 6000, ilipomaliza nikaishusha.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kitu kidogo tu kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), After Power Loss, weka Power On, umeme ukikatika ukirudi mashine inawaka yenyewe hata kama uko safarini. Ila ukikatika ghafla data zinaweza kuharibika ikaanza kuzipanga upya, hiyo kazi si ya leo wala kesho, kwa hiyo tafuta UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) hata ndogo. Kama una laptop ya zamani yenye betri zima, hapo umeshamaliza.

Bando la simu sahau. Kuna wanaosema weka prune=550 (nodi ifute data za zamani ibakize kidogo tu), sawa, diski utaokoa, lakini data zote lazima zipakuliwe kwanza ndo zifutwe. Na kama fiber yako ina kikomo weka maxuploadtarget (kikomo cha data ambazo nodi inatuma), la sivyo nodi itagawia watu bloku (mafungu ya miamala) za zamani mpaka ushangae.

Raspberry Pi 4 ya GB 8 nayo inaweza na inakula umeme mdogo zaidi, ila ukijumlisha SSD, chaja, boksi na adapta unafika bei hii hii, halafu USB zake zote kwa pamoja zinatoa 1.2A tu, SSD yenye njaa haitoshi hapo. Nodi ya Ethereum ni ligi nyingine, NVMe (SSD yenye kasi zaidi) ya TB 2 ni ya kubananisha, watu wanaenda TB 4.

Nodi haikuingizii hela, huu sio uchimbaji, wewe unahakiki miamala yako mwenyewe bila kumwamini mtu basi.

Ukienda kununua usisahau chaja, inatumia ile ya Lenovo yenye mdomo wa mstatili, W 65, wajanja wa dukani wanapenda kukuuzia mashine halafu chaja ndo inaanza kuwa bei nyingine.