Haidrofoni nne kwenye kamba moja: nilivyopima kina cha sauti Kizimkazi, Zanzibar

Jamani hizi maiki za majini ninazo mwezi wa tatu sasa, haidrofoni nne na rekoda yake, nimezifunga kwenye kamba moja mita 5, 10, 15 na 20, nia nijue pomboo wanapiga miluzi wakiwa kina gani. Hesabu yake si uchawi. Kwenye maji yetu ya joto sauti inakimbia kama mita 1,540 kwa sekunde, inafika maiki hii kabla ya ile, na hiyo tofauti ndo inakwambia imetoka juu au chini. Rekoda inachukua sampuli 48,000 kwa sekunde, sampuli moja ni kama sentimita 3, na chaneli zote nne zinafuata saa ile ile bila kupishana, hapo hongera kwa walioitengeneza.

Siku ya kwanza nikajaribu na kitu ninachokijua. Mwenzangu kwenye ngalawa nyingine, mita 40 hivi, akashusha vyuma viwili mita 12, akitikisa kamba vinagongana. Laptopu inasoma mita 19! Nikazima nikawasha, nikabadili waya, nikaitukana programu kimoyomoyo. Nahodha akachungulia tu akacheka: "Mwanangu, kamba yako imelala. Leo bamvua." Kweli bwana, siku za bamvua maji yanajaa na kupwa kwa nguvu, mkondo umeiinamisha kama digrii 10, na kwa umbali ule digrii 10 peke yake ndo hizo mita 7 zilizozidi. Kitabu cha maelekezo kina kurasa chungu nzima za betri, kamba hawajaigusa.

Nikangoja maji mafu, siku mkondo umetulia, nikaongeza chubwi la kilo 8 la kuinyoosha kamba, ikatoka mita 12 na nusu. Tena usiuchuje mwangwi wa juu, sauti inagonga uso wa bahari inarudi, kwenye maiki ya mita 10 ulichelewa kama milisekunde 3.6, ukiutia kwenye hesabu kina kinajibana vizuri. Ila pomboo wakishafika mita 200 na kamba imelala hivyo hivyo, kosa linapita mita 30, kuna mmoja nilionyeshwa yuko chini ya mchanga 😂

Lawama: soketi ya maiki ya chini iliingia maji wiki ya pili, muuzaji eti nilivuta waya. Na ile milio ya pomboo ya ta-ta-ta ya kutafutia samaki inapanda mpaka zaidi ya kilohezi 100, rekoda hii mwisho 24. Kwa miluzi inatosha. Soketi nimeiziba kwa gundi ya mabomba, mpaka jana ilikuwa inasikia.